Tamthilia ya muziki kuhusu Alexander Galich: kwa nini ibaki ndogo

Swali la msomaji: "Ninaandika tamthilia ya muziki kuhusu Alexander Galich, malenga wa Kirusi ambaye nyimbo zake zilizuiwa katika Umoja wa Kisovyeti. Nimeikusudia kwa waigizaji wanne, gitaa moja na ukumbi wa watu wasiozidi themanini. Mshauri wetu anasema kwamba tamthilia ya muziki isiyo na kwaya, bendi na wachezaji haitawatosheleza watazamaji, na kwamba hadithi ianzie pale Galich alipolazimishwa kuondoka nchini mwake, kwa kuwa ndipo penye msisimko. Je, nimfuate? Na nyimbo zenyewe nizilete kwa Kiswahili kwa namna gani? Naweza kutumia sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa?"

Ndugu msomaji,

Usimfuate mshauri wako, si katika kwaya wala katika mwanzo wa hadithi. Sisemi hivyo kwa kuidharau kwaya, kwani zipo tamthilia za muziki zilizojengwa juu ya kwaya, ambazo ukiiondoa hazina pa kusimama. Sanaa ya Galich, hata hivyo, ilizaliwa ndani ya chumba na ikaishi ndani ya chumba, na chumba hicho hakikuchaguliwa kwa uzuri wake, bali ndicho mahali pekee palipobaki baada ya milango mingine kufungwa. Ukiipeleka hadithi yake kwenye jukwaa pana lenye watu thelathini wanaoimba kwa sauti moja, utakuwa umeliondoa lile jambo lenyewe unalotaka kulisimulia, yaani mtu mmoja anayewaimbia watu wachache, na wote wakijua kwamba wimbo wanaousikia hauna kibali.

Inafaa kwanza tueleze udhibiti wenyewe ulivyoendeshwa, maana wengi huudhania kuwa ni askari anayeingia ghafla na kuchukua karatasi. Tangu mwaka 1922 kulikuwa na idara ya dola iliyojulikana kwa kifupi kama Glavlit, na kila kilichokusudiwa kuchapishwa kilipaswa kupita mikononi mwake kabla ya kuwafikia wasomaji. Tamthilia ilihitaji pia ridhaa ya wakuu wa utamaduni na ya maofisa wa chama cha kikomunisti, na msanii aliyetaka kupanda jukwaani alitakiwa kuwa na nyimbo zilizokwisha kuidhinishwa. Sahani za muziki zilitolewa na kampuni moja ya dola, Melodiya, iliyoundwa mwaka 1964. Kwa hiyo mtunzi asiyekuwa na kibali hakuhitaji kutangaziwa marufuku yoyote. Ilitosha kwamba hapakuwa na ukumbi wa kumwalika, wala mtambo wa kuchapa mashairi yake, wala studio ya kumrekodi.

Zikabaki nyumba za watu. Katika miaka ya 1950 na 1960 mambo mawili yalikutana mijini. La kwanza ni kwamba chini ya Khrushchev, kiongozi wa nchi wakati huo, zilijengwa nyumba nyingi za bei nafuu, na mamilioni ya watu wakahama kutoka katika makazi ya pamoja, ambamo familia kadhaa zilichangia jiko moja, wakaingia katika nyumba ndogo zao wenyewe. Jiko likawa na mlango unaoweza kufungwa. La pili ni kwamba rekoda za kanda zilianza kuuzwa kwa raia wa kawaida. Mwimbaji akaja na gitaa lake, wageni ishirini au thelathini wakabanana kuzunguka meza, mwenye nyumba akaiwasha rekoda, na kesho yake kanda ikanakiliwa kwa jirani, jirani akanakilia ndugu yake aliye mji mwingine, hadi sauti ikafika mahali ambapo mwimbaji hajawahi kukanyaga. Galich aliyajua vizuri mambo haya. Katika wimbo wake mmoja aliitaja taipureta ya Kijerumani aina ya Erika, inayotoa nakala nne kwa mpigo mmoja, na rekoda ya Kisovyeti aina ya Yauza, akasema kwamba hivyo tu vinatosha.

Sikiliza kanda hizo kabla hujaandika ukurasa mwingine. Utasikia glasi zikigongana, kiti kikiburutwa, mtu akikohoa, kicheko kinachoanza upande mmoja na kukatika ghafla pale mstari unaofuata unapogeuka kuwa kilio. Utamsikia Galich akieleza kwa maneno ya kawaida wimbo unamhusu nani, kisha akaingia katika kuimba pasipo mpaka ulio wazi kati ya maneno na sauti. Hiyo ndiyo okestra yako, na imekwisha kuandikwa.

Mshauri wako angekuwa na hoja kidogo kama ungemchagua Vladimir Vysotsky, aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki Julai 1980. Vysotsky alikuwa mwigizaji wa ukumbi wa Taganka mjini Moscow, alicheza filamu, na ijapokuwa mashairi yake hayakuchapishwa kama alivyostahili, sauti yake ilijaza kumbi za viwanda na za taasisi. Hata yeye lakini hakutengenezewa kumbukumbu ya shangwe. Mwongozaji Yuri Lyubimov alipoandaa onyesho juu yake mwaka 1981, mwaka mmoja baada ya kifo chake, alilijengea ndani ya mifupa ya Hamlet, mhusika ambaye Vysotsky alikuwa amemwigiza hapo Taganka tangu mwaka 1971, akaiacha sauti ya marehemu kutoka kwenye kanda ijibizane na wenzake waliobaki jukwaani. Onyesho hilo lilizuiwa, na watazamaji wa kawaida wakalipata mwaka 1988. Nakushauri ulisome hilo kama kielelezo, kwa sababu linaonyesha kwamba hata kwa mtu mwenye umati nyuma yake, waliomjua waliona njia ya kweli ni kuanzia na sauti moja na kiti kitupu.

Sasa mwanzo wa hadithi. Kuondoka kwa Galich tarehe 25 Juni 1974 kunasisimua kwa mtazamaji aliyekwisha kumpenda. Kwa asiyemjua ni mtu mmoja tu anayepanda ndege na gitaa. Zaidi ya hayo, ukianza hapo utamwonyesha kama mtu aliyeonewa tangu mwanzo hadi mwisho, na Galich hakuwa hivyo. Alizaliwa Alexander Ginzburg tarehe 19 Oktoba 1918 katika mji wa Yekaterinoslav, ambao leo ni Dnipro nchini Ukraine, akakulia Sevastopol na Moscow, akajifunza uigizaji katika studio ya mwisho ya mwongozaji Stanislavsky, kisha akawa mwandishi wa tamthilia mwenye kufanikiwa. Komedi aliyoiandika na Konstantin Isaev mwaka 1948 ilichezwa katika kumbi nyingi, na filamu iliyotoka mwaka 1954, ambayo alishiriki kuiandika, ilipendwa na umma. Alikuwa mwanachama wa Chama cha Waandishi, alivaa vizuri, alipata ruhusa ya kusafiri hadi Ufaransa, na aliishi katika nyumba za waandishi karibu na kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Aeroport. Alikuwa na vyote ambavyo mfumo ule ungeweza kumpa mwandishi. Tamthilia yako inapata uzito pale tu mtazamaji anapovihesabu vitu hivyo kimoja kimoja na kumwona Galich mwenyewe akivitia mkononi mwa wenye kuvichukua.

Kwa hiyo anzia mapema mwaka 1958, katika Jumba la Utamaduni la Pravda mjini Moscow, asubuhi ya onyesho la majaribio la tamthilia yake iliyoitwa kwa jina la mtaa mmoja wa Moscow, Matrosskaya Tishina. Kikundi kilichoicheza kilikuwa cha vijana pekee, ndicho kilichokuja kuwa ukumbi mashuhuri wa Sovremennik. Oleg Yefremov alikuwa kiongozi wao, na Yevgeny Yevstigneyev aliigiza nafasi ya Abram Schwartz, mzee wa Kiyahudi wa mji mdogo wa Tulchin, mtunza ghala mwenye kukusanya kadi za posta zenye picha za miji ya mbali, ambaye ndoto yake yote ni mwanawe David awe mpiga fidla mkubwa. David anafika Moscow kusoma muziki. Baba anamfuata kumwona, na kijana anamwonea aibu mbele ya wenzake. Kisha vita vinakuja, baba anauawa na Wanazi pamoja na Wayahudi wa mji wake, na mwana aliyejeruhiwa, akiwa amelala ndani ya treni ya hospitali, anamwona baba yake akija kumsimulia yaliyompata.

Katika ukumbi ule baridi, uliokuwa mtupu zaidi ya nusu, walikaa waalikwa wachache pamoja na maofisa waliotumwa kuangalia. Galich aliandika juu ya siku hiyo miaka 15 baadaye, na katika simulizi lake jambo linaloumiza kuliko yote ni kwamba hakuna aliyetamka neno marufuku. Tamthilia ilikuwa imekwisha kupita kwa wadhibiti. Ila sasa ikawa "haipendekezwi". Baadaye ofisa mmoja wa kike alimweleza, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto, kwamba haiwezekani ukumbi wa vijana katikati ya Moscow ucheze habari za Wayahudi vitani. Mwandishi yule alikuwa amekaa kwenye kiti akiitazama kazi yake ikiwa hai jukwaani, huku akiwaona, safu chache kutoka alipo, watu ambao wangeizima kwa kutikisa kichwa. Huo ndio mwanzo wako. Waigizaji wako wanne wanatosha kabisa kuucheza: mzee na mwanawe wakiwa kwenye mwanga, mwandishi na ofisa wakiwa gizani miongoni mwa watazamaji halisi. Hakuna gharama ndani yake, na mtazamaji anajikuta amekaa kiti kimoja na mdhibiti.

Kutoka hapo unaweza kuruka hadi mwaka 1962, ndani ya treni ya usiku kutoka Moscow kwenda Leningrad, ambapo Galich asiyepata usingizi alitunga wimbo anaouhesabu kuwa mwanzo wa njia yake mpya. Ni hadithi ya Lenochka, askari wa kike wa usalama barabarani, ambaye mwana wa kifalme wa Kihabeshi anamwona akiwa zamuni, msafara wa mgeni huyo ukipita, na anampenda papo hapo. Wimbo unachekesha kwa juu, na chini yake unataja uongo wa sherehe za urafiki wa mataifa zilizopangwa na ofisi. Hapa nakuomba uangalifu wa pekee, kwa sababu watazamaji wako ni wa Afrika Mashariki na watamtazama Mhabeshi huyo kwa jicho lisilo la Kirusi. Yeye ni mtu wa ndotoni, mwana wa mfalme wa hadithi za watoto, na asichezwe kwa mikogo ya kumfanya kichekesho. Mwache asionekane kabisa. Lenochka peke yake, akiwa amesimama na kifimbo chake mkononi na kumfuata kwa macho mtu tusiyemwona, atatosha.

Miaka ya katikati ya 1960 usiikawize sana. Mtazamaji anahitaji kujua jambo moja tu, kwamba Februari 1966 waandishi Andrei Sinyavsky na Yuli Daniel walihukumiwa, mmoja miaka 7 na mwingine miaka 5 ya kambi ya wafungwa, kwa maandishi waliyoyatoa nje ya nchi. Tangu hapo kila aliyeiwasha rekoda alijua bei yake.

Mahali pa kukaa kwa muda mrefu ni ndani ya nyimbo zenyewe, na hasa zile ambazo Galich anaimba kwa kinywa cha mtu mwingine. Chukua hadithi ya Klim Petrovich Kolomiytsev, fundi wa kiwanda mwenye nishani na vyeo vya heshima, ambaye siku yake ya mapumziko anafuatwa na gari nyumbani ili akahutubie mkutano wa kutetea amani. Humo garini anakabidhiwa hotuba iliyoandikwa tayari. Anapanda jukwaani, anaanza kusoma kwa sauti ya kazi, na katikati ya sentensi anagundua kwamba anasema yeye kama mama na kama mwanamke, kwamba ni mjane wa miaka mingi, na hata hivyo yuko tayari kusimama imara kwa ajili ya amani. Ofisi imechanganya karatasi. Klim Petrovich anatoka jasho, anautazama ukumbi, na hakuna anayeshtuka, hakuna anayecheka, nyuso zote zimetulia katika adabu ya mkutano. Basi naye anaendelea hadi mwisho, anapigiwa makofi, na katibu wa chama anampongeza kwa kusema maneno ya kiume ya mfanyakazi.

Fikiria sasa wimbo huu ukiwa na kwaya ya watu ishirini waliovaa sare. Kwaya itatikisa vichwa kwa mpigo, itapiga makofi kwa mpigo, na mtazamaji atawacheka wao. Katika chumba cha watu themanini hakuna wa kumcheka badala yako. Mwigizaji amesimama hatua tatu kutoka ulipo, anakutazama usoni, anasoma kwamba yeye ni mjane, na wewe ndiye ukumbi ule. Ukicheka, kicheko chako kinasikika na jirani yako. Ukinyamaza, umefanya walichofanya wale wengine. Mwambie mpiga gitaa ashikilie kodi moja, yaani sauti za nyuzi kadhaa zinazolia pamoja, tangu hotuba inapoanza na asiibadilishe mpaka makofi ya mwisho. Usiwape waigizaji wengine watatu kazi yoyote isipokuwa kukaa kitako na kusikiliza kwa heshima.

Nyimbo hizi za kuvaa nafsi ya mwingine ndizo zinazobeba mgogoro mkubwa wa tamthilia yako, na nina hakika mshauri wako hajauona. Galich aliimba kama mfungwa wa zamani anayekunywa pombe na kuyatazama mawingu yanayoelekea kaskazini kwenye kambi. Aliimba kama mlinzi, kama karani, kama mlevi wa mtaani. Yeye mwenyewe hakuwahi kufungwa kambini. Tarehe 29 Desemba 1971, alipokuwa akifukuzwa katika Chama cha Waandishi, Alexei Arbuzov, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa kiongozi wa studio yake ya ujanani, alimshutumu kwa jambo hilohilo. Galich anasimulia kwamba Arbuzov alimwita mporaji, mtu anayechukua mateso ya wengine na kuyaimba kana kwamba ni yake. Usilipunguze shtaka hili wala usimfanye Arbuzov kuwa shetani. Ni swali la haki, na kila mwigizaji wako anayesimama kuimba kama mfungwa wa kaskazini analijibu kwa mwili wake kila usiku. Mimi nalijibu hivi: waliokuwa kambini, wengi wao, hawakuwa na gitaa wala rekoda wala kinywa cha kusemea, na waliporudi walikaa katika vyumba vilevile wakimsikiliza Galich na hawakumwambia anyamaze. Lakini tamthilia isijibu kwa hotuba. Mpe Arbuzov maneno yake yote, kisha papo hapo, bila kuzima taa, Galich aimbe wimbo wa mawingu, na mtazamaji apime mwenyewe.

Kuna mkutano mmoja tu ambamo kuta za chumba zinapaswa kufunguka, nao ni Machi 1968 huko Akademgorodok, mji wa wanasayansi karibu na Novosibirsk, katika Siberia. Klabu ya vijana wasomi hapo iliandaa tamasha la malenga wenye gitaa, na Galich akaimba mbele ya ukumbi uliofurika wimbo wake wa kumkumbuka Boris Pasternak. Kwa kawaida aliutanguliza kwa kusoma tangazo fupi la kifo cha mshairi huyo lililotoka gazetini mwaka 1960, tangazo lililomtaja tu kama mwanachama wa mfuko wa kuwasaidia waandishi, kana kwamba Nobeli ya mwaka 1958 haikuwahi kutolewa wala hakuna aliyepiga kura ya kumfukuza katika Chama cha Waandishi. Wimbo unaahidi kwamba kila aliyeinua mkono siku ile atakumbukwa kwa jina lake. Galich alisimulia kwamba ulipokwisha, ukumbi mzima ulisimama, na kwa kitambo hakuna aliyepiga makofi. Baada ya tamasha gazeti la huko lilimshambulia, na kumbi za wazi hazikumpokea tena katika nchi yake.

Najua mshauri wako atasema kwamba hapa ndipo pa kuleta kwaya. Hapana. Unao watu themanini ndani ya ukumbi wako. Washa taa zote za ukumbini, mwache mwigizaji aimbe kwa nguvu ya kawaida ya kinywa chake, na wimbo ukiisha asiiname wala asiondoke. Usiwaombe watazamaji wasimame. Wakisimama ni wao, wakikaa ni wao. Tena usisahau kuunganisha wimbo huu na ule mkutano wa Desemba 1971, kwa sababu mikono iliyoinuliwa dhidi ya Pasternak iliinuliwa tena, miaka 13 baadaye, dhidi ya yule aliyeahidi kuyakumbuka majina. Mtazamaji auone mkono ukiinuliwa mara mbili katika tamthilia, kwa mwendo uleule na mahali palepale jukwaani, na usimwambie kitu.

Yaliyofuata yapite haraka. Mapema mwaka 1972 alifukuzwa pia katika chama cha wasanii wa sinema, kazi na mrabaha vikakauka, na filamu alizoziandika zikaonyeshwa bila jina lake. Alijiunga na kamati ya haki za binadamu iliyoanzishwa na mwanafizikia Andrei Sakharov na wenzake. Aliondoka mwaka 1974, akakaa Norway, kisha Munich alikofanya kazi katika Radio Liberty, kisha Paris. Kwa tamthilia yako, jambo la maana la miaka hiyo ni redio: sauti iliyokuwa imefungiwa chumbani sasa ilirudi nyumbani kwa masafa mafupi, ikipenya katikati ya kelele za mitambo ya kuvuruga matangazo, na wasikilizaji wakawa tena watu wachache walioinama karibu na chombo. Weka redio ndogo pale meza ilipokuwa, basi.

Kuhusu kifo chake tarehe 15 Desemba 1977, kuna waandishi watakaokushawishi ukigeuze kuwa hadithi ya upelelezi. Alikufa nyumbani kwake Paris kwa kupigwa na umeme alipokuwa akiunganisha antena ya chombo kipya cha muziki, na polisi wa Ufaransa waliamua kuwa ni ajali. Wapo waliokataa kuamini. Ukianza kuwasaka wauaji jukwaani katika dakika kumi za mwisho, utazitupa zile themanini za kwanza, na mtazamaji atatoka akijadili waya badala ya nyimbo. Kitaje kifo kwa sentensi moja.

Nina pendekezo moja la kiufundi ambalo nalithamini kuliko yote niliyosema. Tafuta rekoda halisi ya kanda za duara, iweke mezani mbele ya watazamaji, na iwe inarekodi kweli. Utepe wa meta 250, ukienda kwa mwendo wa sentimita 9.5 kwa sekunde, unamalizika kwa takribani dakika 44. Panga sehemu ya kwanza iishe pale utepe unapoisha, hata kama ni katikati ya ubeti, kwa kuwa katika kanda za wakati ule nyimbo nyingi zilikatika hivyohivyo. Katika sehemu ya pili, wakati wa Paris, irudishe kanda nyuma na uwasikilizishe watazamaji dakika chache za walichokisikia saa moja iliyopita, pamoja na vikohozi na vicheko vyao wenyewe. Watakuwa wamejisikia ndani ya nakala.

Sasa Kiswahili. Nyimbo za Galich ni za aina mbili, na kila aina inataka njia yake. Zile za hadithi, kama za Klim Petrovich na Lenochka, ziweke katika mizani nane kwa kipande, kwa mwendo wa utenzi, kwa kuwa utenzi kwetu umezoea kubeba kisa kirefu chenye watu wanaozungumza, na sikio la msikilizaji linaufuata bila kuchoka. Usilazimishe kina kimoja kitembee mwanzo hadi mwisho. Badilisha kina kila ubeti, na pale mhusika anaposema maneno ya ofisini, yaache maneno hayo yavunje mizani, maana ndivyo Galich alivyofanya na lugha ya matangazo na hotuba. Zile za maombolezo, kama wa Pasternak, hazivumilii utenzi. Ziandike kwa mistari mifupi isiyolingana, zisemwe zaidi kuliko kuimbwa. Usitumie shairi la mizani 16 lenye kituo, kwa sababu kituo kinachorudi kitaupa wimbo utulivu ambao mtunzi aliukataa.

Muziki wenyewe hauna ugumu wa vidole. Malenga wengi wa Kirusi wa wakati ule walipiga gitaa la Kirusi la nyuzi saba, linalokazwa kwa namna ya kutoa kodi ya G hata nyuzi zikiachwa wazi, na Galich alitosheka na kodi chache. Mpiga gitaa wako akiwa hodari sana, mzuie. Kazi yake ni kumfuata mwimbaji anapovuta pumzi, kumsubiri anapotua, na kumwacha peke yake anapozungumza. Taarabu na okestra yake ya fidla na kanuni, hata ikipigwa vizuri namna gani, itaufanya kila mstari kuwa mtamu, na mistari hii haikuandikwa iwe mitamu.

Umeuliza mwisho kuhusu sauti yake. Kwanza haki: Galich amefariki mwaka 1977, na katika nchi nyingi za Ulaya kazi ya mtunzi hulindwa kwa miaka 70 baada ya kifo chake, kwa hiyo tafsiri, kuimba hadharani na kupiga rekodi vyote vinahitaji ridhaa ya wenye haki, na ridhaa hiyo uitafute kabla ya mazoezi, si baada ya kuchapa mabango. Ukiipata, tumia sauti yake mara moja tu, na iwe katika wimbo ambao watazamaji wamekwisha kuusikia kwa Kiswahili kutoka kinywani mwa mwigizaji wako, ili waufuate kwa Kirusi bila ya kuhitaji maelezo. Usiiweke mwishoni kabisa, ambako itamfanya mwigizaji aliyefanya kazi usiku kucha aonekane mbadala. Mahali pake ni muda mfupi baada ya redio ya Munich, kwa ubeti mmoja au miwili, katikati ya mivumo ya masafa mafupi; kisha mwigizaji wako aupokee ubeti unaofuata kwa Kiswahili na kuumaliza yeye.